Klachi Tatu za Madamu Dafroza

Mlinipa kiti. Ni kiti kizuri, cha mbao, chenye mto mwekundu, na siku ya kuniaga pale garaji Nestori alisema mbele ya wote, "Mzee Serafini, sasa ukae." Tangu siku hiyo najaribu. Nakaa, na kabla chai haijapoa nimeshasimama, nimekwenda getini, nimerudi, nimekaza skrubu ya bawaba ambayo wala haikuwa imelegea. Mke wangu Adela anasema kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kunishinda. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Angalau mkono mmoja utakuwa na kazi.

Mliniomba niwaandikie niliyojifunza katika ufundi. Sitaandika nani alipanda cheo wala nani alilipwa nini. Hayo mnayajua, na mengine mnayajua vibaya. Nitaandika habari za klachi, ambayo hapa kwetu Burundi mnaiita ambreyaje. Kuna neno moja mnalitumia pale garaji karibu kila siku mkidhani ni mzaha wa zamani tu. Neno hilo nililileta mimi, na nataka mjue lilitoka wapi.

Nilikulia Tanzania, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia. Niliporudi Burundi nilikuwa kijana mwenye Kiswahili kingi na Kirundi cha kuombea maji tu. Tulifikia Muyinga. Shamba la baba lilikuwa na watu wengine, kesi yake ikawa haina kichwa wala mkia, nami nikaenda mjini kutafuta kazi. Mtaa wa Waswahili palikuwa na garaji ya Mzee Athumani: mabati machache juu ya nguzo, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na rafu ya spana ambazo hakuniruhusu kuzigusa.

Siku ya kwanza alinipa diski ya klachi iliyoungua. "Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Moshi, Mzee."

"Moshi ya nini?"

Sikujua. Akanirudishia. "Bon. Nusa tena."

Wiki nzima nilinusa na kupapasa vitu vilivyokufa. Kulikuwa na diski iliyoungua ikawa laini kama kioo, nyingine iliyolowa oili ya injini, nyingine iliyotapika springi zake. Mzee Athumani alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani, na alifundisha kama mtu anayegombana nawe. "We sikiliza," aliniambia, "ambreyaje haifi yenyewe. Iko mtu mwenye aliiua. Kama hujamuona huyo mtu, usifunge gari." Maneno hayo nimeyarudia kwa kila mwanafunzi niliyemfundisha. Kuyarudia ni rahisi sana.

Alikuwa pia na kikopo cha rangi nyeupe na njiti ya kiberiti. Kila nati aliyoirekebisha kwa kipimo aliitia nukta. "Kesho gari ikirudi," alisema, "utajua unatukana nani." Nilikiiga hicho kijitabia, nacho kikanifuata maisha yangu yote.

Nilihamia Gitega nilipomwoa Adela, ambaye kwao ni Makebuko. Garaji mnaijua. Wakati ule ilikuwa na mashimo mawili, pampu ya upepo iliyopiga kelele kuliko ilivyotoa upepo, na mafundi sita walioamini kila mmoja kwamba wengine watano hawajui kitu. Nilikuwa wa saba, nikaingia na imani hiyo hiyo. Vijiti vya plastiki mnavyotumia leo kuweka diski katikati havikuwepo. Nilichonga changu kutoka kwenye mpini wa jembe, nikakizungushia utepe mpaka kikaingia tundu bila kucheza. Kiko kwenye kabati la kushoto. Asiyekijua asikitupe akidhani ni kuni.

Kazi ya klachi ilikuwa yangu. Niliipenda kwa sababu haina mkato: lazima ushushe giaboksi, na ukishaishusha gari haliwezi kukuficha kitu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Madamu Dafroza alikuwa mkaguzi wa shule. Eneo lake lilikuwa Makebuko na Buraza, shule za milimani ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Alikuwa na Carina ya zamani, ya kijani, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa ameichoka. Aliendesha mwenyewe, akafungua boneti mwenyewe, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuniuliza pale garaji, "Hii inafanya nini?" huku akinyoosha kidole mahali panapostahili kuulizwa. Mafundi hawakulipenda swali lile. Nami sikulipenda.

Mara ya kwanza alikuja Jumamosi. Pedali ya klachi ilikuwa imeshuka, gia ya nyuma inasaga. Nikairekebisha kwa robo saa, akashangaa. "Umemaliza? Quand même, we uko mwepesi!" Akaenda zake.

Baada ya miezi kadhaa akarudi, klachi inateleza. Injini inalia, gari haliendi. Nikashusha giaboksi, diski imeungua. Nikaweka mpya. Haukupita muda mrefu akarudi tena na harufu ile ile. Diski ya pili ilikuwa imeungua kuliko ya kwanza. Nikamwambia, kwa upole bado, "Madamu, ukiendesha usipumzishe mguu kwenye pedali. Ukiuegemeza hata kidogo, diski haishiki vizuri, inajisugua hadi inakufa."

"Mi sipumzishi mguu," akasema.

"Wote husema hivyo."

Diski ilipoungua mara ya tatu alivutwa na lori kutoka Buraza. Alifika na matope mpaka magotini, saa sita mchana, garaji imejaa wateja. Alikuwa amekasirika. Alisema mbele yao kwamba labda fundi ndiye hajui kazi.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilimwomba aingie ndani ya gari, aketi nyuma ya usukani, aweke mguu kama anavyouweka barabarani. Akauweka chini, pembeni ya pedali, vizuri kabisa. Nikasema, "Sasa hivi unajua tunakutazama." Watu wakaanza kucheka. Nikaona wananicheka pamoja naye, nikataka wamcheke yeye peke yake. Nikasema kwa sauti, "Madamu, mguu huu ungefaa kwenye cherehani. Huko ndiko unakanyaga kutwa na hakuna kinachoungua."

Wateja walicheka, mafundi walicheka, mwenye garaji alitoka ofisini kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Madamu alishuka taratibu. Alinitazama, akafunga mlango wa gari. Niliweka klachi ya tatu. Alipokuja kuchukua gari hakusema neno lolote, nami nikahesabu ukimya ule kuwa ushindi.

Baadaye nilisikia ameomba kuhamishwa, amekwenda Muyinga, upande wa kwao. Neno likabaki. Mteja yeyote aliyeunguza klachi akawa "cherehani". Hata mwanamume. Hata padri mmoja. Ninyi mliokuja juzi juzi mmelikuta, mnalisema. Mimi mwenyewe nililisema mpaka mwaka wangu wa mwisho.

Sasa nije huku karibuni. Nilikuwa na majuma machache ya kustaafu, na siku hizi za uhaba wa mafuta nusu ya magari ya mtaa wetu yamelala tu nyumbani, hivyo hata jirani wa kumrekebishia plagi hakuna. Mzee Athumani akapiga simu kutoka Muyinga. Ni mzee sana sasa, magoti yamemgomea, lakini sauti ni ile ile ya ugomvi.

"Serafini, umekaa?"

"Nimekaa, Mzee."

"Unadanganya. Nasikia unatembea." Nilikuwa natembea kweli. "Iko madamu moja hapa jirani. Gari yake imelala miaka mingi, ambreyaje imeisha. Mama yake iko Gashoho, ameanguka, nyonga inamuuma, kwa pikipiki hawezi kupanda. Kuja uifanye pale pale kwake nyumbani. Vipuri nitamtuma mtu Kobero, vinapita pale kutoka Tanzania. Mi nimemwambia iko mwanafunzi yangu, kwa ambreyaje hakuna kama yeye."

Asubuhi nilipanda basi la kupitia Karuzi nikiwa na mfuko wa spana mapajani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Sikuuliza hata jina la huyo madamu.

Alifungua geti mwenyewe. Nywele zilikuwa zimeota mvi, lakini nilimjua kabla hajasema, na nyuma yake niliiona Carina ya kijani chini ya paa la mabati, magurudumu yamekaa chini.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Madamu."

"Mzee Athumani alisema mwanafunzi yake."

"Ndiye mimi."

Akautazama mfuko wangu wa spana. "Bon. Ingia. Mi mama yangu iko analala chini kule, sina nafasi ya kuchagua fundi."

Niwaambie, kazi ya klachi nyumbani si ya kukurupukia. Tulipandisha mbele ya gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo ya mkaratusi, kwa maana jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuaminia maisha. Nikatoa betri, nikamwaga oili ya giaboksi, nikachomoa shafti mbili za magurudumu, nikafungua stata. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia ila yeye. Alivaa koti la shamba, akaleta daftari la shule. Kila bolti niliyoitoa aliichoma kwenye karatasi, akaandika namba na mahali ilipotoka. Maisha yangu yote sijafunga giaboksi bila kubakiwa na bolti moja ya kuifikiria usiku. Siku ile haikubaki hata moja.

Kuishusha tulitumia jeki, tairi kuukuu na kamba. "Shikilia hapo, Madamu," nilisema nikiwa chini.

"Mi nimeshika. Mwenye anatetemeka ni we."

Ilikuwa kweli. Ikashuka juu ya tairi bila kumponda mtu. Nikafungua bolti za pleti kwa kuvukavuka, moja huku, moja ng'ambo, ili isipinde. Diski ikaniangukia mikononi. Nikanusa. Ile ile. Nikasema moyoni, mguu. Nilikaribia kulisema kwa mdomo. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa amesimama juu yangu na tochi, na kwa sababu kwenye sufuria palikuwa na maharage yaliyonukia vizuri.

Kesho yake nikafunga. Diski upande wake, kijiti katikati, pleti, beringi mpya, mafuta ya grisi kidogo kama ya kupaka mdomo. Giaboksi ikapanda kwa shida, yeye akiisukuma kwa goti. Tulipomaliza kutoa upepo kwenye mafuta ya klachi, nikakanyaga pedali. Ilikuwa juu mno na ngumu tangu mwanzo kabisa. Pedali nzima huwa na mchezo kidogo, upana wa kidole, kabla haijaanza kusukuma. Hii haikuwa nao.

Nikaingia chini ya dashibodi, mgongo sakafuni, miguu nje ya mlango. Nyuma ya pedali kuna ufito mdogo wa chuma unaosukuma pampu. Ufito huo una nati ya kuurefusha na kuufupisha. Ulikuwa umerefushwa mpaka mwisho. Juu ya nati palikuwa na nukta ya rangi nyeupe.

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa, ila kichwa kilikuwa kinatafuta fundi mwingine anayetumia njiti ya kiberiti. Kisha nikaikumbuka ile Jumamosi. Nilikuwa nawahi harusi. Pedali imeshuka, dawa yake ni kufungua pampu na kubadilisha mpira, kazi ya nusu siku. Nikarefusha ufito, pedali ikapanda, nikatia nukta, nikaenda kucheza ngoma.

Ufito ukiwa mrefu hivyo, pampu hairudi mpaka mwisho. Mafuta yakipata joto hayana pa kurudi, yanaendelea kusukuma. Ni kama mguu umelala kwenye pedali safari nzima. Ulikuwapo kweli mguu ndani ya gari lile, Buraza, Makebuko, kila mlima. Niliuweka mimi. Nikabadilisha klachi tatu bila kuingiza kichwa chini ya dashibodi hata mara moja, kwa sababu muuaji nilishamjua.

"Fundi," aliita kutoka nje. "Chai. Umeona kitu?"

"Hapana," nikasema. "Nakaza tu."

Nikafupisha ufito mpaka pedali ikapata mchezo wake. Halafu nikaikwangua ile rangi kwa ukucha. Ilichukua muda, rangi ya zamani inashika. Nikatoka, nikanywa chai.

Gari lilikwenda. Alizunguka mtaa mara mbili, mikono imekakamaa kwenye usukani, akarudi akiwa analia kidogo na kucheka. Alinifungia parachichi kwenye kikapu. Mzee Athumani, aliyeletwa kwa kiti kuangalia, alisema, "Si niliwaambia?" Nikapanda basi nikarudi Gitega.

Niling'oa vigae viwili vya paa visivyovuja nikavirudisha. Nilikwenda sokoni bila kutumwa. Adela aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni miguu, inataka kazi. Nilijipa hesabu hii: gari limepona, mama atasafiri, mtu gani ameumia? Nikaimaliza hesabu, nikaianza upya.

Siku ya kumi hivi simu ikalia.

"Fundi Serafini? Ni Dafroza. Mama nimemfikisha hospitali, amepigwa picha, wanasema hatafanyiwa operesheni, apumzike tu. Mi mwenyewe nimemuendesha, toka Gashoho mpaka huku!"

"Mungu asifiwe, Madamu."

"Nilitaka kukuambia asante. Na nilitaka kukuambia kitu ingine." Akasita. "We ulisema ukweli zamani na mi nikakasirika. Ni mguu yangu. Donc sasa naendesha bila kiatu, huu wa kushoto, ili nisikie kama unagusa pedali. Nauinua juu, haugusi kabisa. Goti linauma quand même, lakini ambreyaje iko nzuri. Ningekusikia wakati ule, ningekuwa bado na shule zangu."

Nakumbuka nilikuwa nimesimama uani na simu imeshakatika, bado iko sikioni.

Nikamweleza Adela yote, jikoni, nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua mchele. Mwisho akasema, "Na mimi unaniambia ili nifanye nini? Basi la Muyinga linaondoka saa moja."

Nilimkuta Madamu anaanika mashuka ya mama yake. Mama alikuwa ndani, kwenye godoro, tunamsikia anakohoa. Sikukubali kukaa. Nikasema, "Madamu, mguu wako hauna kosa. Haujawahi kuwa na kosa."

Nikamweleza ufito, nati, Jumamosi, harusi. Alisikiliza akiwa ameshika shuka kwa ncha mbili, maji yanadondoka. Halafu akaanza kuuliza, moja moja, kama alivyokuwa akiwauliza walimu wake.

"Ambreyaje ya kwanza?"

"Ni mimi."

"Ya pili?"

"Ni mimi."

"Ya tatu, ile siku ya cherehani?"

"Ni mimi, Madamu."

"Na juzi, ukiwa chini ya dashibodi. Uliona?"

"Niliona."

"Mi nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakuletea chai."

"Ndiyo."

"Ukaikunywa."

"Nikainywa."

Akaanika shuka. Aliinyoosha mikunjo yake yote, pole pole, na mimi nilikuwa nabadilisha mguu wa kusimamia kama mtoto aliyebanwa na haja.

"We unajua nilifanya nini?" alisema bila kunigeukia. "Niliomba meza. Ofisi. Shule za Buraza zilibaki bila mtu wa kuzitembelea, na mi niko hapa napiga mihuri. Kaka yangu akasema nunua gari ingine, nikasema oya, hapana, mi naua magari. Nikikata na panga shambani likipinda nasema ni mkono yangu. Nikiunguza chakula nasema ni mi, mi ndio naharibu vitu. Watu walikuwa wanapenda hii gari, nikakataa kuiuza. Nitamuuzia mtu kitu nimeiua mi mwenyewe?" Akanigeukia. "Yote hiyo sababu we ulikuwa unaenda harusi."

"Nisamehe, Madamu."

"Unaomba samahani hapa, mbele ya mashuka. Ile neno ulilisema wapi?"

"Gitega. Garaji."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi si hapa."

Asubuhi yake jirani alikuja kukaa na mama. Madamu alimwaga kwenye tangi petroli ya dumu alilolipata kwa tabu, alilokuwa amelihifadhi kwa safari ya kumrudisha mama kwa daktari. Nikasema tungoje mpaka apate mafuta mengine. Akasema amengoja vya kutosha. Alivaa viatu vyake vyote viwili, vya kahawia, vya kufunga kamba, akaweka mguu wa kushoto chini pale unapotakiwa kuwa.

Sitaielezea safari. Aliendesha vizuri. Karuzi alibadilisha gia mlimani kabla mimi sijafikiri ibadilishwe. Mpaka Gitega, mimi niliyeshindwa kukaa kwenye kiti cha mto nyumbani kwangu nilikaa muda wote ule bila kusogea.

Wengine mlikuwepo siku hiyo, wengine hamkuwepo, kwa hiyo nasema ilivyokuwa. Tuliingia mchana. Nestori alitoka shimoni akifuta mikono, akaniona, akafurahi. "Mzee! Umetuletea kazi?" Akanusa hewa, maana klachi mpya ikitoka kupanda milima hutoa harufu kidogo, akamtazama Madamu nyuma ya usukani, akatabasamu. "Ni cherehani?"

Mafundi wawili wakacheka. Hamkuwa na ubaya. Nami sikuwa nao siku ile, ndivyo nilivyojiambia miaka yote.

Nikashuka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Muyinga, yakanipotea. Nikasema tu, "Zimeni hiyo pampu." Ikazimwa. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakageuka. Nikasema, "Huyu ni Madamu Dafroza. Cherehani ni yeye. Neno hilo nilimwita mimi hapa, nilipokuwa nimesimama pale, watu wakacheka. Klachi tatu za gari hili nilizibadilisha hapa, na aliyeziunguza ni mimi. Nilirefusha ufito wa pedali nikauacha. Nilipougundua, juzi, nikakwangua alama yangu, nikamdanganya. Mguu wake ni mzima. Kazi yangu ndiyo ilikuwa mbovu."

Mmoja wa wateja, mzee, akauliza jirani yake, "Amesemaje?" Akarudiwa maneno hayo kwa Kirundi, yote, polepole, kwa hiyo nikayasikia mara mbili.

Nestori hakujua aangalie wapi. Akamwendea Madamu dirishani, akasema, "Tusamehe, mama." Yeye akaitikia kwa kichwa. Kwangu hakugeuka. Sikutarajia.

"Bon," akasema. "Mi narudi. Mama iko ananingoja."

Mnaijua njia ya kutokea garaji, mlima mfupi mkali mpaka barabarani. Tulisogea wote tukampisha. Alivuta breki ya mkono, akaingiza gia ya kwanza, akaongeza moto, akaachia pedali. Klachi mpya inashika mapema. Gari likaruka mara moja, likatetemeka, likazimika.

Hakuna aliyecheka. Nestori aliinama akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Mimi niliitazama ardhi, nikaomba Mungu asinitazame.

Kioo kikateremka mpaka chini. Madamu Dafroza akatoa kichwa nje, tukamwona wote, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Hiyo," akapaza sauti, "hiyo ilikuwa mi! Hiyo ni yangu!"

Akawasha tena, akapanda.